Kitovu, Sketi na Namba 35

Inasimuliwa kwamba Sista Mary Joseph Dempsey alikigundua kile kijinundu akiwa anaosha matumbo. Hospitali ya St. Marys, mjini Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, ilikuwa na utaratibu ambao kila muuguzi wa upasuaji anaujua hadi leo: kabla mgonjwa hajapandishwa mezani, tumbo lisuguliwe kwa sabuni na dawa kuanzia chini ya matiti hadi mapajani, na kitovu kisirukwe. Kitovu cha mtu mzima huficha taka za miaka. Anayekisafisha sawasawa hana budi kuingiza kidole, kukizungusha na kugusa pande zote. Kidole cha Sista, baada ya matumbo mengi, kikazoea. Vitovu vingine vilikuwa na kitu kigumu ndani yake, na wenye vitovu hivyo ndio ambao daktari akiwafungua hukuta saratani imetapakaa, akawafunga tena bila la kufanya.

Alizaliwa Julia Dempsey mwaka 1856, akaingia utawa wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1878. Wala hakusomea uuguzi. Hospitali yenyewe ilifunguliwa mwaka 1889 ikiwa na vitanda 27, baada ya kimbunga cha 1883 kuuvunja mji na kuwafanya watawa waone kwamba hakuna pa kuwalaza majeruhi. Aliyemfundisha kazi ni Edith Graham, muuguzi pekee aliyesoma katika mji ule, ambaye baadaye aliolewa na mpasuaji Charles Mayo. Kuanzia 1890 hadi 1915 Sista alikuwa msaidizi wa kwanza wa William Mayo, kaka yake Charles, katika chumba cha upasuaji, na kuanzia 1892 aliiongoza hospitali nzima hadi alipofariki. Mtu wa namna hiyo akisema kitu, husikilizwa. Mayo alimsikiliza. Mwaka 1928 aliandika juu ya kitovu hicho, akakifananisha na kifungo cha suruali. Dalili hiyo haikupewa jina la Sista hadi mwaka 1949, pale daktari mpasuaji wa Uingereza, Hamilton Bailey, alipoliingiza katika kitabu chake cha dalili za mwili. Sista alikuwa amefariki miaka kumi nyuma, Machi 1939, na ndugu wale wawili, William na Charles Mayo, wakamfuata mwaka huohuo.

Nimeanza na kitovu kwa sababu mimi mwenyewe ni muuguzi, sasa mstaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya wodi ya wanawake jijini Dar es Salaam. Kwa wanawake, chanzo cha kijinundu hicho mara nyingi ni saratani ya ovari, ile mifuko ya mayai. Hujitokeza kabla ugonjwa haujajulikana, na hujitokeza pia baada ya matibabu kwisha, kwa mama ambaye nywele zimeshaota, anakula, anaimba kwaya, na kila mtu nyumbani ameshaacha kumuuliza hali. Ndiyo maana historia ya kumfuatilia mgonjwa wa ovari hunishughulisha kuliko historia ya kumtibu. Ukiisoma kwa makini utaona swali moja likijirudia, nalo ni nani mwenye haki ya kuwa wa kwanza kusema kwamba ugonjwa umerudi.

Ili ugonjwa urudi, lazima kwanza uondoke, na kwa muda mrefu saratani hii haikuondoka. Mpasuaji Ephraim McDowell alimtoa Jane Todd Crawford uvimbe wa ovari wenye uzito wa ratili 22 na nusu, siku ya Krismasi mwaka 1809, huko Danville, Kentucky, bila dawa ya usingizi, na mama huyo akaishi zaidi ya miaka 30 baadaye. Hadithi ni nzuri na wapasuaji wanaipenda, ila mtu hapati miaka 30 hiyo akiwa na saratani iliyosambaa. Uvimbe ule haukuwa wa aina tunayoizungumzia hapa. Waliokuwa na saratani yenyewe walifunguliwa, wakafungwa, wakarudishwa kwao.

Rosalind Franklin, mwanasayansi aliyepiga picha za eksirei za DNA, alikuwa safarini Marekani mwaka 1956 alipoona sketi zake hazifungi tena kiunoni. Alikuwa na miaka 36, mpandaji milima, si mtu wa kunenepa ovyo. Aliporudi London akafanyiwa upasuaji mwezi Septemba, wakakuta vimbe mbili. Akatibiwa, akapata nafuu, akarudi maabara, ugonjwa ukarudi, akatibiwa tena. Alifariki tarehe 16 Aprili 1958. Hii sketi isiyofunga nimeikuta katika maisha ya wanawake wengi mno kiasi kwamba siwezi kuipita haraka. Tumbo la saratani hii hujaa maji, na maji hayana haraka. Mizani inaweza isibadilike kabisa, kwa kuwa mwili unapungua mabegani na mapajani huku tumbo likiongezeka, na kinachobadilika ni mahali pa kufungia kanga. Mwanamke anayeshona nguo zake mwenyewe hulijua hili kabla ya mashine yoyote. Mgonjwa wetu mmoja, fundi cherehani, alituambia, "Sista, mimi sijanenepa, lakini gauni hili nimelifumua kiunoni mara mbili tangu Pasaka." Mara ya kwanza alikuwa amelifumua bila kufikiri chochote.

Miaka ya 1960 vilikuja vidonge vya melfalani na ndugu zake. Kwa mara ya kwanza wanawake wachache walimaliza mwaka mmoja au miwili wakiwa wazima kabisa kwa kuwatazama. Hapo likazuka tatizo jipya: je, waendelee kumeza dawa au waache? Hakukuwa na kipimo cha damu, hakukuwa na siti skani. Jibu la wapasuaji wa Marekani likawa ni kulifungua tumbo upya na kutazama. Wazo lenyewe lilikuwa limetoka kwa Owen Wangensteen wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiwafungua tena wagonjwa wa saratani ya utumbo waliojisikia vizuri, kwa imani kwamba mabaki yakikutwa mapema yatakatwa yote. Kwa saratani ya ovari, upasuaji huu wa kutazama mara ya pili ukawa desturi.

Nataka msomaji alielewe jambo hili vizuri, maana siku hizi wauguzi vijana hawaamini nikiwasimulia. Mama hana maumivu. Amekuja kwa miguu yake. Anapasuliwa kuanzia kinenani hadi juu ya kitovu, tumbo linasuuzwa kwa maji ya chumvi na maji hayo yanapelekwa maabara, kisha vinakatwa vipande vidogo kila mahali: chini ya kiwambo cha pumzi, kwenye mfereji wa kila upande wa utumbo mpana, juu ya kibofu, kwenye tezi. Ikiwa hakuna kitu, dawa inasimamishwa. Na kulikuwa na sababu ya msingi ya kutaka kuisimamisha. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walichapisha ushahidi kwamba vidonge vile, vikimezwa muda mrefu, viliwapa baadhi ya wanawake saratani ya damu. Kumwachia mtu dawa ambayo haihitaji lilikuwa kosa lenye gharama. Kwa hiyo siwacheki madaktari wale. Walitaka kujua, na njia pekee waliyokuwa nayo ilikuwa kisu.

Lakini karibu nusu ya wanawake walioambiwa tumbo ni safi ugonjwa uliwarudia vilevile. Jicho la mpasuaji na hadubini ya maabara, vyote viwili, vilipitwa. Mwaka 1994 mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulishauri kwamba upasuaji huo usifanywe kama desturi nje ya utafiti, na ukaanza kufifia.

Katikati ya habari hiyo iliingia platinamu. Barnett Rosenberg, mwanafizikia katika Chuo Kikuu cha Michigan State, alikuwa mwaka 1965 akichunguza kama umeme huathiri bakteria, akaona bakteria wake wanarefuka bila kugawanyika. Sababu haikuwa umeme, bali kemikali iliyomeguka kutoka kwenye vyuma vya platinamu. Jijini London, Eve Wiltshaw wa hospitali ya Royal Marsden aliipeleka dawa iliyotokana na ugunduzi huo, sisplatini, kwa wanawake wenye saratani ya ovari, na mwaka 1978 Marekani ikaidhinisha itumike. Iliwatapisha hadi wakatamani kufa. Pia iliyeyusha uvimbe kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Tangu hapo maisha ya mgonjwa wa ovari yamekuwa na umbo tunalolijua: upasuaji mkubwa, dripu, nafuu ya kweli, kisha, kwa wengi wa waliogunduliwa wakiwa wamechelewa, kurudi. Wanawake wakaanza kuishi muda wa kutosha kwa ugonjwa kufika sehemu ambazo zamani haukuwahi kupata nafasi ya kufika. Mara nyingi unarudi tumboni na kwenye nyonga, kweli. Lakini madaktari wakaanza kukutana nao kwenye mitoki ya shingoni na kwapani, kwenye ngozi ya kovu la upasuaji, kwenye utando wa mapafu, na mara chache ndani ya ubongo.

Kipimo cha damu kilizaliwa Boston. Mwaka 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walikuwa wameonyesha jinsi ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu kwa wingi wowote. Robert Bast na wenzake wa Boston wakawadunga panya chembe za saratani ya ovari na kuchuja kingamwili walizozitoa, moja baada ya nyingine. Iliyofaa ilikuwa ya 125. Ndiyo asili ya jina CA-125. Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 1981, na ya mwaka 1983 ndiyo iliyobadilisha kliniki za dunia. Kati ya wanawake 101 wenye saratani ya ovari, 83 walikuwa na kiwango kilichozidi 35. Kwa watu wazima wa afya waliopimwa, ni 1 kwa 100 tu aliyezidi. Zaidi ya hapo, namba ilipanda ugonjwa ulipopanda na kushuka uliposhuka, na mara nyingi ilipanda miezi kadhaa kabla mgonjwa hajasikia chochote.

Nani angekataa zawadi hiyo? Kisu kikawekwa chini, sindano ikachukua nafasi yake. Kila miezi mitatu mama anatoa damu, na kwa siku mbili tatu nyumba nzima haipumui. Nimewaona wanawake wanaojua namba zao zote kwa mpangilio, 12, 11, 14, 19, na wanaoumwa tumbo kwa ile 19 ingawa iko chini kabisa ya 35. Nimewaona pia wanaotabasamu kwa 9 huku mguu mmoja umevimba kuliko mwingine. Hawa wa pili ndio walionitia wasiwasi. Daktari mwenye shughuli nyingi akiona 9 hufunga faili, na mama hutii faili.

Namba ile ina udhaifu wake, na waliogundua kipimo hawakuuficha. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano wenye saratani hakuwahi kuizidisha 35 hata alipokuwa mgonjwa kabisa, kwa hiyo kumfuatilia kwa kipimo hicho ni kupoteza damu. Upande wa pili, utando wowote wa tumbo unaosumbuliwa huipandisha: ujauzito, ugonjwa wa ini, chembe za ukuta wa mfuko wa uzazi zilizoota nje yake. Na kifua kikuu. Hapa kwetu hili si jambo la vitabuni. Kifua kikuu cha tumbo hujaza maji, humkondesha mtu, humletea homa za jioni, na CA-125 yake huruka hadi mamia. Yupo mwanamke aliyeambiwa kwa namba hiyo kwamba saratani imerudi, kumbe anahitaji vidonge vya TB. Wakikutana nayo madaktari wa Ulaya hushangaa. Wa kwetu hawana udhuru wa kushangaa.

Wakati namba inatawala, dalili za ajabu zilikuwa zikikusanywa pembeni, moja hapa, moja kule, na watu ambao hata hawakuwa wataalamu wa saratani. Mwaka 1982 madaktari wa mifupa na viungo wa Pittsburgh waliandika juu ya wanawake wachache, wote waliopita ukomo wa hedhi, ambao viganja vyao vilivimba, vikawa vigumu, vidole vikajikunja visinyooke, mabega na magoti yakauma. Walitibiwa kama wenye baridi yabisi. Chanzo kilikuwa saratani ya ovari. Fikiria mwanamke aliyemaliza matibabu akamwambia daktari wake wa kansa kwamba hawezi kukunjua kiganja. Atapelekwa kwa mtaalamu wa mifupa, na mtaalamu wa mifupa hatauliza habari za ovari.

New York, katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, Jerome Posner na wenzake walikuwa wakiwachunguza wagonjwa walioanza kuyumba kama walevi, ulimi ukawa mzito, macho yakarukaruka, ndani ya wiki chache. Picha za ubongo hazikuonyesha uvimbe wowote. Mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili dhidi ya saratani ya ovari au ya titi, na kingamwili hizo, pamoja na askari wengine wa mwili, zikashambulia chembe za ubongo wa nyuma zinazoongoza mwendo na usemi. Kingamwili hiyo inaitwa Yo, herufi mbili za mwanzo za jina la ukoo la mgonjwa mmoja. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakizipa majina. Saratani yenyewe katika wagonjwa hawa inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutafutwa kwa shida. Chembe zikishakufa hazioti tena, ndiyo maana siku zina thamani. Kwetu mwanamke anayeyumba na kubabaika maneno huambiwa kiharusi, na mtaani huambiwa mengine.

Dalili ya mshipa ni kongwe zaidi. Armand Trousseau, wa hospitali ya Hôtel-Dieu jijini Paris, alifundisha mwaka 1865 kwamba damu inayoganda mishipani bila sababu yaweza kuwa ishara ya saratani iliyojificha. Mwanzoni mwa 1867 akauona mshipa wake mwenyewe umeganda, akajua. Alifariki Juni mwaka huo kwa saratani ya tumbo. Kati ya saratani zinazogandisha damu, ya ovari imo mstari wa mbele. Kwa hiyo mguu mmoja uliovimba, wenye joto, unaouma kwenye shavu la mguu, si wa kukandwa kwa maji ya chumvi. Wala pumzi inayokata ghafla si pumu ya uzeeni.

Halafu iko aina ya saratani ya ovari isiyofuata kalenda ya mtu. Inaitwa ya granulosa, ni adimu, na inatengeneza homoni ya kike. Inaweza kurudi baada ya miaka 10, 20, hata zaidi, wakati kadi ya kliniki imeshapotea na daktari aliyepasua ameshastaafu. Mara nyingine ishara yake ni damu: bibi aliyeacha hedhi zamani anaanza kutokwa damu tena, matiti yanajaa kama ya msichana. CA-125 haisaidii sana hapo. Mwaka 1989 madaktari wa Uholanzi walionyesha kwamba homoni nyingine, inhibini, ndiyo inayopanda. Bibi wa namna hiyo akiulizwa kama aliwahi kuwa na saratani huenda akajibu hapana, kwa kuwa alichoambiwa wakati ule ni kwamba alitolewa uvimbe.

Mwaka huohuo wa 1989, mwezi Mei, alifariki Gilda Radner, mchekeshaji wa televisheni ya Marekani. Kwa miezi kadhaa kabla ya kugunduliwa mwaka 1986 alilalamika uchovu na maumivu ya mapaja. Mapaja! Alipewa majina ya magonjwa mengine. Kifo chake kiliwafanya wanawake wa kawaida wa Marekani waanze kuuliza maswali kwa sauti, na mmoja aliyefanya zaidi ya kuuliza ni Cindy Melancon wa Texas, muuguzi, yeye mwenyewe mgonjwa wa ovari, aliyehariri jarida dogo la wagonjwa wenzake. Kupitia jarida hilo yeye na Barbara Goff, daktari wa Seattle, walisambaza dodoso, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Wanawake 1,725 walijibu. Asilimia 95 walisema walikuwa na dalili kabla ya kugunduliwa: tumbo kujaa, kushiba haraka, mgongo kuuma, kukojoa mara kwa mara, choo kubadilika. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vimeiita saratani hii muuaji wa kimya. Wagonjwa hawakuwa kimya. Utafiti ule ulihusu mwanzo wa ugonjwa, lakini orodha hiyohiyo ndiyo hurudi mara ya pili, na mara hii mwenye mwili huwa anazijua kwa majina.

Ndipo ukaja utafiti wa Gordon Rustin, wa Mount Vernon, hospitali iliyoko kaskazini-magharibi mwa London. Kuanzia 1996, wanawake 1,442 wa Uingereza na nchi nyingine, ambao matibabu yao yalikuwa yamefaulu, walitolewa damu kila miezi mitatu bila wao wala madaktari wao kuambiwa jibu. Jibu lilikwenda ofisi ya utafiti tu. Namba ilipozidi maradufu ya kiwango, kompyuta iliwagawa: baadhi waliambiwa na kuanza dawa papo hapo, wengine waliachwa waendelee na maisha hadi dalili zijitokeze zenyewe. Waliogawanywa walikuwa 529. Kundi la kwanza lilianza dawa takribani miezi mitano kabla ya la pili. Matokeo yalitolewa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Muda wa katikati wa kuishi ulikuwa miezi 25.7 kwa waliowahi, na 27.1 kwa waliosubiri. Kitakwimu hakuna tofauti. Kilichotofautiana ni maisha yenyewe, kwani waliowahi dawa waliwahi pia kutapika, kuchoka na kuharibikiwa siku zao.

Kelele zilikuwa kubwa, hasa Marekani. Wapo waliosema dawa zilizotumika zilikuwa za kizamani, na wapo waliouliza kwa nini upasuaji wa pili haukupewa nafasi. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini mimi nilichokisoma kwenye takwimu zile ni kwamba mwanamke anayeambiwa aje siku atakapohisi kitu hapotezi maisha kwa kusubiri, mradi akija asikilizwe. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Huwezi kumnyima mtu kipimo halafu ukamnyima na sikio.

Kwetu, kusubiri dalili hakukuwa uamuzi wa kitaalamu, ilikuwa ndiyo hali. Hospitali ya Ocean Road, ambayo Wajerumani waliijenga ufukweni Dar es Salaam na kuifungua mwaka 1897, imekuwa kwa miaka mingi mahali ambapo wagonjwa wa saratani wa nchi nzima hufikia. Ilifanywa taasisi ya saratani kwa sheria mwaka 1996. Mama wa Kigoma au Songea haji kila miezi mitatu kutoa damu. Anauza mpunga, anasafiri kwa basi, anafikia kwa mpwa wake Mbagala, anasubiri. Kwa hiyo aliyeona kwanza kwamba ugonjwa umerudi mara nyingi alikuwa mganga wa zahanati, au binti anayemwogesha, au yeye mwenyewe. Bibi mmoja wa aina hiyo alikuja na kitovu kilichotokeza. Kijijini aliambiwa ni ngiri, na kwa kweli ngiri ya kitovu ni jambo la kila siku. Nilimlaza chali nikamwambia, "Bibi, shikamoo, naomba nikuguse." Ngiri ukimlaza mtu hulegea, ukiibonyeza mara nyingi hurudi ndani, akikohoa hutoka. Hiki hakikurudi. Kilikuwa kigumu, kimeshikana na ngozi, na ngozi yenyewe ilikuwa na wekundu uliofifia. Nikampigia daktari. Alinijibu kwamba majibu ya CA-125 ya mama huyo hayajatoka, tusubiri Jumatatu. Nikamwambia ashuke tu aje aguse.

Alishuka. Kipande kilikatwa, na maabara ikathibitisha.

Mjadala alioufungua Rustin haujafungwa, na upande mmoja umepata nguvu mpya. Mwaka 2021 watafiti walioongozwa kutoka Ujerumani walichapisha matokeo ya utafiti uitwao DESKTOP III: wanawake ambao ugonjwa ulirudi zaidi ya miezi sita baada ya platinamu, wakapasuliwa tena kabla ya dawa, waliishi muda wa katikati wa miezi 53.7, na waliopewa dawa peke yake miezi 46.0. Lakini hawakupasuliwa wote. Walichaguliwa wale ambao upasuaji wao wa kwanza haukuacha uvimbe unaoonekana, wenye nguvu ya kutembea na kufanya shughuli zao, na ambao maji tumboni hayakufika nusu lita. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, haukuona faida hiyo. Wanaouamini ule wa Ujerumani wanasema basi namba na skani zirudi, maana uvimbe ukikutwa ukiwa mdogo ndipo kisu kina kazi. Mimi nakubali nusu. Nusu lita ya maji tumboni ni kiasi ambacho mikono yangu isingekihisi, na ultrasaundi ingekiona. Ila mwenye tumbo, aliyefumua gauni lake mara ya kwanza, huenda alikuwa bado chini ya nusu lita siku ile.